Jina Langu Kwenye Fomu ya Forodha

Nikisema nilivunjiwa heshima yangu kwa sababu ya jozi sita za soksi, watu hudhani natania. Sitanii. Nina hasira mpaka leo, na sitaki mtu mwingine aje kuniambia nisamehe, maana walioniambia hivyo wanatosha.

Nilifanya kazi miaka tisa kwenye ghala moja huko Rexdale, Canada, nyuma ya kituo cha mafuta, mahali ambapo ndege zinazotua uwanja wa Pearson hupita chini kiasi cha kukata mazungumzo. Kazi yetu ilikuwa kukusanya mizigo ya watu wa kwetu, Watanzania na Wakenya wengi wao, na kuipeleka nyumbani kwa kontena: majokofu, magodoro, vyerehani, vitabu vya shule, viti vya magurudumu vya wagonjwa. Mwenye kampuni alikuwa mzee wa Tanga, Mhindi wa Kishia, aliyeondoka kwao akiwa kijana na Kiswahili chake cha Tanga kikabaki vilevile. Anaishi Vaughan, mji wa jirani, kwenye nyumba kubwa, lakini chai alikuwa anakunywa na sisi, kwenye vikombe vyetu vilivyovunjika mikono. Sote tulimwita Mzee. Mimi nilimwamkia shikamoo kila asubuhi kwa miaka yote tisa, na sikufanya hivyo kwa mazoea tu. Nilimheshimu.

Kontena letu halikuwa linakwenda moja kwa moja. Liliondoka Rexdale juu ya lori, likavuka mpaka wa Marekani, likapita huko bila kufunguliwa mpaka bandarini, ndipo likapanda meli. Huko kupita nchi ya watu bila kufunguliwa ndiko kunakoitwa transiti, na watu wa forodha hawamwachii mtu apite hivihivi. Kila safari lori letu lilipaswa kwanza kwenda kwenye yadi ya ukaguzi, lipange foleni nyuma ya malori ya makampuni makubwa, lisubiri afisa aje kutazama na kupiga lakiri, kile kifungo cha chuma chenye namba ambacho hakifunguki mpaka kikatwe. Kuna siku tulisubiri mpaka meli ikatuacha. Nimepokea simu za kina mama wa mtaa wa Dixon wakinililia kwamba kiti cha mgonjwa kimekwama.

Nafuu ilikuwepo, ila haikuwa yetu. Mtumaji mizigo anayeaminika anaweza kupewa utaratibu mwepesi: anafunga kontena kwenye ghala lake, anapiga lakiri kwa mkono wake mwenyewe, anatuma taarifa kwa kompyuta, na lori linashika njia. Majirani zetu wakubwa wote walikuwa na ruhusa hiyo. Walikuwa wakitupita getini huku sisi tunahesabu saa.

Mimi ndiye niliyemwambia Mzee tuombe. Mimi ndiye niliyeyachapa masharti, nikakaa naye siku tatu mfululizo wakati wa chai, nikimsomea mstari mmoja mmoja na kumfafanulia, kwa sababu Kiingereza cha serikali kilimchosha. Mengi tulikuwa nayo tayari. Ofisi ilikuwa hapa hapa nchini, mizigo tulituma kila baada ya wiki sita, si leo halafu mwakani, na dhamana benki ingeiweka. Rekodi yetu ya forodha haikuwa na doa kubwa. Yaliyotusumbua ni mawili. La kwanza, kumbukumbu ziwe za kuweza kufunguliwa na afisa siku yoyote, aone kila kitu kilitoka kwa nani na kimeingia kontena gani. La pili, kampuni imtaje kwa jina mtu mmoja anayewajibika, anayeijua kazi, ambaye saini yake kwenye kila orodha inasema kwamba ameona kila kilichomo na hakuna kingine. Halafu kampuni ingepimwa kwa miezi sita, na afisa angeweza kutokea bila taarifa.

Kulikuwa na sharti jingine, la uaminifu, ambalo nilimsomea mara mbili, kwa kuwa lilikuwa kali. Mfanyakazi akikosea, kampuni inaweza kumbadilisha na maombi yakaendelea. Mwenye kampuni mwenyewe akikutwa ameuchezea mzigo uliokwisha kuhesabiwa, maombi yanakufa palepale. Mzee alitikisa kichwa, akasema hilo ni haki kabisa. Nakumbuka alikuwa amechovya biskuti kwenye chai na ikamkatikia humo.

Kwenye nafasi ya mtu anayewajibika aliniandika mimi. Nilifurahi kama mtoto. Nilipiga picha ile fomu nikampelekea mama yangu Muheza, ambaye hajui Kiingereza hata kidogo, akasema ameliona jina.

Sasa tatizo lilikuwa watu wetu. Watu wetu hawatumi mzigo tu, wanachomeka. Mtu analeta boksi lake, linaandikwa, linapimwa, kila kitu sawa. Halafu siku ya kupakia anatokea na kifuko cha plastiki mkononi. Nichomekee hiki pembeni, ni kidogo tu, ni cha shangazi. Ukimkatalia, umemtukana shangazi. Ndivyo tulivyolelewa: mwenye safari habebi chake peke yake, na kontena kwa watu wetu ni msafiri kama msafiri mwingine yeyote. Kwa miaka mingi Mzee alivipokea vifuko hivyo vyote. Alikuwa anaviingiza mwenyewe, kwa furaha, akimuuliza mtu habari za shangazi huku anatafuta upenyo kati ya majokofu.

Nilikomesha. Nilichukua kipande cha kadibodi, nikaandika kwa kalamu nene kwamba hesabu ikifungwa imefungwa, nikakibandika mlangoni. Dada mmoja wa Dixon tuliyekuwa tunasali naye aliacha kunisalimia kwa sababu ya chupa mbili za mafuta ya nywele. Mwingine alisema Canada imenigeuza Mzungu. Nikavumilia. Miezi mitano tulikwenda hivyo, orodha zangu zikalingana na kontena mpaka kijiko cha mwisho, na afisa alipokuja mara ya kwanza alifungua, akahesabu, akafunga, akanipa mkono.

Mama yangu ana miguu inayovimba. Hospitali ya huko walimshauri avae soksi zile za kubana, na Muheza hazipatikani kirahisi. Nilizinunua kwenye duka la dawa la Islington, jozi sita, pamoja na mashine ndogo ya kupimia presha. Lakini saizi yake haikuwepo dukani, zikaagizwa, zikaja siku moja baada ya orodha ya kontena la mwezi wa tano kufungwa. Nilizitia kwenye boksi, nikaandika jina la mama na la kijiji kwa mwandiko wangu mkubwa, nikaliweka chini ya meza yangu lisubiri kontena linalofuata.

Mzee aliliona. Alikuwa anamjua mama kwa simu. Walikuwa wakipigiana siku nyingine na kuzungumza habari za Tanga ya zamani mpaka mimi nikachoka kusubiri zamu. Akaniuliza mbona mzigo wa mama uko chini ya meza. Nikamwonyesha ile kadibodi.

"Hata mama?"

"Hata mama, Mzee."

Alicheka na kutikisa kichwa. Nakiri kwamba nilijisikia vizuri. Nilijiona mtu wa kuaminika, mtu ambaye sheria yake inamuumiza yeye kwanza.

Siku ya kupakia nilisimama kwenye mlango wa kontena tangu saa mbili asubuhi. Aliyekuwa akipakia ni kaka mmoja wa Kikongo, mtulivu, mwenye mgongo wa chuma. Yeye anabeba, mimi natia alama. Tulimaliza vitu mia mbili na kumi na mbili. Kilichobaki ni kuchapa orodha, kuisaini, na kupiga lakiri. Utaratibu wangu ulikuwa kutoondoka mlangoni kati ya hesabu na lakiri, lakini mashine ya kuchapa ofisini ilikwama karatasi, na hakuna mwingine aliyejua kuifungua. Mzee akanipungia mkono.

"Nenda, mwanangu, mimi nipo hapa."

Nani angekataa? Ghala ni lake. Nilikwenda, nikahangaika na karatasi kama dakika kumi, nikarudi na orodha. Milango ilikuwa imeshafungwa. Nikapiga lakiri na kuandika namba yake.

Afisa alifika kabla ya dereva. Alikuwa mwanamke kijana, mpole, mwenye kofia ya sufu ingawa ilikuwa mwezi wa tano. Aliomba radhi kwa usumbufu, akakata lakiri, akataka vitu vyote vishushwe. Tulishusha. Boksi dogo lilionekana mapema sana, limesukumwa kati ya godoro na ubavu wa kontena, karibu na mlango. Nililitambua kabla hajaligusa. Ni mwandiko wangu.

Akahesabu vyote hadi mwisho, kwa haki, asije akanionea. Vilikuwa mia mbili na kumi na tatu. Akalifungua boksi, akazitoa soksi moja moja na kuzipanga juu ya meza ya kupimia, akatoa mashine ya presha, akaandika kwamba ina betri ambayo haikutajwa. Akaniuliza kama mzigo ni wangu. Nikasema ni wangu. Kama niliuweka mimi. Nikasema hapana. Nani basi?

Nilimtazama yule kaka wa Kikongo, naye akanitazama bila kupepesa. Nikamtazama Mzee. Mzee alikuwa anaangalia viatu vyake. Akasema polepole, kwa Kiswahili, ili afisa asielewe, kwamba labda limechanganyika na yale ya mwisho. Labda. Na mimi mpumbavu nikaitafsiri labda yake kwa Kiingereza kizuri, nikaitia mdomoni mwangu kama yangu. Nilianza kujitilia shaka. Labda nililisogeza mwenyewe wakati nafagia chini ya meza. Labda kule kwenye mia mbili nilitazama pembeni. Mtu akishachoka, anaamini chochote dhidi ya nafsi yake.

Afisa alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

"Ningependa kukuamini," akasema. "Lakini vitu mia mbili na kumi na mbili ni vya watu wengine, na hicho kimoja kilichozidi ni chako."

Niliandika maelezo kwamba ni kosa langu, kwamba niliacha mzigo binafsi mahali pa kupakilia, nikasaini. Mzee aliniazima kalamu.

Jioni ile, kabla ya kwenda kushika basi la Kipling, nilimfuata yule kaka kwenye makabati ya nguo nikamwambia maneno mabaya. Nilimwambia ndiye aliyeliweka lile boksi, ama kwa kunipendelea kijinga, ama kwa kunichimba. Akafunga zipu ya koti lake taratibu. "Dada," akasema, "mimi napakia kile unachonihesabia." Tangu siku hiyo hakula tena chakula cha mchana kwenye meza yetu, na mimi nikaona hiyo ndiyo alama ya hatia yake. Aibu hiyo ni yangu na sitaitupia mtu.

Jibu la forodha lilikuja baada ya wiki chache. Tumepewa ruhusa. Sharti moja: mtu anayewajibika abadilishwe. Mzee alileta biriani kutoka Vaughan, sufuria mbili, watu wakapiga makofi, na katikati ya makofi akamtambulisha mkwewe, kijana aliyekuwa akiuza bima za magari, kwamba ndiye atakayesaini sasa. Nilipiga makofi na mimi. Kesho yake nikaanza kumfundisha. Alikuwa mtu wa adabu, ananukuu kila neno langu kwenye daftari, na kila baada ya maelezo ananiuliza hapo ndipo ulipokosea, dada? Alikuwa anataka kujifunza tu. Nilikuwa namjibu ndiyo, ni hapo.

Boksi la mama lilirudishwa, likaenda na kontena lililofuata. Safari hii liliandikwa, likapimwa, likawa la kwanza kwenye orodha. Lilipofika, mama alinipigia Jumapili mchana nikiwa nakatakata mchicha jikoni. Alikuwa amevaa soksi tayari, ananieleza zilivyo ngumu kuvaa na jinsi mjukuu anavyozivuta. Halafu akaanza kumwombea dua Mzee. Nikamuuliza Mzee amefanya nini.

"Si ndiye aliyeuweka? Alinipigia siku ileile. Akaniambia binti yako roho yake ngumu, ameuacha mzigo wako chini ya meza, lakini usijali, nimeuchomeka mimi kwa mkono wangu. Ila umechelewa mno, mwanangu. Mlipita wapi?"

Nilimwomba arudie. Akarudia, neno kwa neno, kwa furaha. Binti yangu aliyekuwa anasoma mezani aliniuliza kwa Kiingereza kama niko sawa, nami nikamwambia azime jiko. Nilikwenda kukaa ukingoni mwa bafu, nikalia kwa hasira. Sikuwa na huzuni hata kidogo. Ilikuwa hasira tupu.

Maana sasa niliielewa siku ile yote. Alinituma nikafungue mashine, akaingia na boksi, akafunga milango, akampigia mama simu kumpa habari njema, kisha akasimama mbele ya afisa akiangalia viatu. Alijua. Alilijua lile sharti la mwenye kampuni, na aliyemfundisha ni mimi, mara mbili, kwenye chai.

Jumatatu nilimfuata ofisini kwake na kufunga mlango. Sikumwamkia. Nilimwambia nimezungumza na mama. Na hili ndilo lililonimaliza: alitabasamu kidogo, kama mtu aliyekutwa ametoa sadaka kwa siri.

"Nilikuwa nafanya hisani kwa mama yako," akasema.

"Kwa saini yangu?"

"Ningesema pale, ruhusa ingekufa. Watu wote hawa wangekula wapi? Wewe nakujua, mwanangu. Wewe ningekutazama mimi mwenyewe."

Nilimwambia kwamba hakunitazama, aliangalia chini. Nilimwambia nimemtukana mtu asiye na kosa kwa ajili yake. Nilimtaka aandike forodha, aseme ukweli. Akasema atafikiri. Alifikiri wiki nzima, na mwisho wa wiki akaniongezea siku mbili za likizo.

Mtu ataniuliza kwa nini sikuandika mwenyewe. Niliandika. Barua iko kwenye kompyuta yangu mpaka sasa. Lakini kila nilipotaka kuituma nilimwona yule kaka wa Kikongo mwenye watoto wanne, nikaviona vile viti vya magurudumu kwenye foleni ya yadi. Mzee alikuwa amenifunga kwa watu haohao ninaowapenda, na hilo linanikera kuliko soksi. Nilichoweza kufanya ni kwenda kumwomba yule kaka radhi. Alinisikiliza, akasema sawa, akaendelea kufunga kamba.

Mwaka uliofuata nikaamua kuondoka. Kampuni moja kubwa karibu na uwanja wa ndege ilikuwa inatafuta mtu wa nyaraka za transiti. Fomu yao ilikuwa na swali: umewahi kuondolewa kwenye wajibu wa forodha, na kwa sababu gani? Nikajibu ndiyo, na kwenye sababu nikaandika rejea barua ya mwajiri. Nilimwomba Mzee barua hiyo. Nilidhani angalau hapo, kwenye karatasi itakayosomwa na watu asiowajua na wasioweza kumnyang'anya chochote, ataniachia ukweli kidogo.

Aliniandikia kwa moyo mmoja. Kurasa mbili. Kwamba mimi ni mchapakazi, sina uvivu, wateja wananipenda, nimeijenga idara ya nyaraka kuanzia sifuri. Niliisoma nimesimama palepale mbele ya meza yake. Karibu na mwisho kulikuwa na mstari unaosema kwamba mwaka jana nilifanya kosa moja la kuingiza mzigo wangu binafsi, kosa la kibinadamu, nao walinisamehe.

Niliurudia mstari ule mara tatu. Kisha nikaiweka barua mbele yake, nikamwekea kalamu juu yake, nikamwambia afute hilo neno la kusamehe na aandike kwamba aliyeuweka ni yeye. Mstari mmoja tu. Hakuna afisa wa forodha atakayeusoma.

Aliichukua kalamu. Akaishika kwa muda, akitazama karatasi, na kwa sekunde kadhaa niliamini kabisa kwamba ataandika. Halafu akaifunga kofia yake, akaiweka pembeni, akaniuliza, kwa ile sauti yake ya Tanga iliyojaa upole, mama anaendeleaje na miguu.

Nilimwambia hilo halikuhusu, Mzee, nikaiacha barua mezani na kutoka.